Farasi Ndani ya Ngome

Mwalimu wa historia alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema huku akiangalia saa. Alimwambia mama wa mapacha kwamba binti yake ameanguka historia, tena si kule kuanguka kwa kujikwaa, ni kuanguka kwa kulala chini kabisa. Kabla shule haijafungwa atampa mtihani wa mdomo, yeye peke yake mbele ya meza, na akishindwa huo atarudia darasa. Kisha akaongeza, kwa upole uliomtia mama wasiwasi kuliko ukali wowote, kwamba mtoto hana ubaya. Shida yake ni moja tu: kila swali analipokea kama kesi.

Mama aliyajua hayo. Nyumbani kwenyewe mtoto huyo walimwita Wakili, na jina halikutoka hewani. Tangu ajue kusema hakuwahi kukubali jambo kabla ya kulipinga kwanza, hata kama ni kuambiwa kumekucha. Kwenye karatasi ya mtihani, pale palipotakiwa ataje sababu za kuanguka kwa ngome, alikuwa ameandika kwamba swali limekuja na jibu lake mfukoni, maana kama ngome imeshaanguka hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Jioni mama alimkalisha kwenye stuli ya jikoni na kumsomea mashtaka yake. Wakili alijitetea kwamba historia ni umbea wa watu waliokufa, na ubaya wake zaidi ni umbea usiokamilika: wanakwambia fulani alipigana na fulani, lakini hawakwambii walianzaje kununiana. Mama akamwambia aende akaoge, na umbea huo atausoma apende asipende.

Alipotoka, pacha wake aliyekuwa akimenya chungwa kando ya sinki akainua uso. Huyu ndiye mkubwa. Alimtangulia dada yake duniani kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kuharakisha jambo. Walimwita Taratibu.

"Kama yeye anabaki, na mimi nabaki," alisema.

Mama akamwambia hilo haliwezekani kwa sababu yeye amefaulu. Taratibu akamaliza kwanza ganda lote, likatoka bila kukatika, ndipo akajibu kwamba mtihani wa hesabu bado haujafanywa, na siku hiyo atarudisha karatasi nyeupe.

Mama akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana alikumbuka habari ya sweta. Mtoto huyu alipokuwa mdogo alitangaza kwamba sweta lile linawasha na halivai tena. Baridi yote ile alitetemeka kwa adabu, midomo imempauka, na sweta likaishia kwa jirani likiwa jipya. Wakili alikuwa mtu wa kelele, na kelele zina mwisho. Taratibu akisema neno, limekwisha. Kwa hiyo mama alikuwa na kesi mbili mkononi: mmoja hajui, na mwingine yuko tayari kujifanya hajui.

Mama huyu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Alikuwa na stashahada ya ugavi, ambayo mumewe aliitundika sebuleni ndani ya fremu aliyoipaka rangi ya dhahabu bila kuomba ruhusa. Mume alikuwa mchora mabango, na kitu chochote kilichokaa kimya karibu naye kilipakwa rangi. Mama yeye hakuwa mtu wa mapambo. Aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloeleweka ukiuliza kimeingia nini, kimetoka nini, na nani alikuwa na ufunguo.

Alisoma ukurasa wa kitabu cha historia akiwa amesimama, akingoja maji yachemke. Mfalme alijifungia ngomeni pamoja na watu wake, na wakubwa wa nchi, na farasi wa wakubwa hao. Mdogo wake, aliyekitaka kiti, akaizingira ngome. Kiangazi kikawa kirefu, chakula kikaisha, na mfalme akafungua lango muda mfupi tu kabla ya mvua kunyesha. Chini yake kulikuwa na orodha ya sababu, kavu kama mkate wa juzi.

"Hii si vita," mama aliliambia birika. "Hii ni stoo iliyosimamiwa vibaya."

Na hapo hapo akapata wazo. Kama Wakili hawezi kuyameza mambo haya kwa kuambiwa, basi atayafanya kwa mikono yake.

Kazini aliomba boksi gumu lililokuja na springi, akalikata kwa kisu cha kukatia sponji na kulileta nyumbani likiwa bapa. Mumewe akalichora. Alichora mlima, njia ya vyumba vinavyopanda kuelekea msimu wa mvua, na ngome nzuri yenye madirisha mengi kuliko usalama wa ngome unavyoruhusu. Farasi ndio waliomshinda. Walitoka kama mbwa waliopata habari mbaya. Watoto walipovunjika mbavu kwa kucheka, alijibu kwa uso mkavu kwamba farasi wa zamani walikuwa hivyo, na kama kuna mtu aliyewaona ajitokeze.

Vifungo vya mashati vikawa watu. Vizibo vya soda, vilivyobandikwa michoro hiyo, vikawa farasi. Kila haragwe lilikuwa gunia la nafaka. Dadu mama aliichonga kutoka kipande cha sponji ya godoro, na hilo lilikuwa kosa dogo la kwanza, kwa sababu dadu ya sponji haitoi sauti wala haisimami vizuri, na Wakili alidai kila mara kwamba yake bado inaendelea kujifikiria. Mchezo wenyewe ulichelewa kuanza kwa siku moja kwa sababu baba, aliyetangulia kurudi nyumbani, aliikuta akiba ya ngome kwenye bakuli na kuipika. Wote wakaila. Mama akasema hii ndiyo ngome ya kwanza kuanguka kabla ya kuzingirwa.

Kanuni zilikuwa rahisi. Kila mchezaji ni mfalme mwenye watu, farasi na maharage yake. Dadu ndiyo adui: yeye ndiye anayeleta moto, homa, kisima kukauka, au siku tulivu. Kila zamu unapanda chumba kimoja, watu wanakula, na farasi wanakula maradufu. Ukiishiwa maharage kabla ya chumba cha mvua, umefungua lango. Ukifika ungali na haragwe, umeshinda.

Wakili aliuangalia ubao kwa muda mrefu, huku amenyamaza kiasi cha kumfanya baba yake amguse paji la uso. Kisha akauliza kama kuna kanuni inayomkataza kuwatoa farasi nje. Mama akatafakari, akaona hakuna. Wakili akavikusanya vizibo vyake vyote, akavisogeza nje ya lango, akapunguza posho ya watu, akakaa kitako kungoja mvua. Akashinda akiwa na kiganja kizima cha maharage.

Mama alishindwa kuficha tabasamu. Kuna watu wazima kiwandani, wenye vyeo na suruali za pasi, ambao hawajawahi kuelewa kwamba kisichohitajika stoo kitolewe. Mtoto wake ameelewa kwa zamu moja. Alimsifu mbele ya watu wote, akamwambia ana kichwa, na toka hapo Wakili akawa haambiliki. Kila jioni baada ya vyombo kuoshwa alitandika ubao mwenyewe. Alijua kiangazi kilianza lini, kisima kilikuwa upande gani, na mtu mmoja anakula nini mpaka mvua. Taratibu naye akajifunza kwa kumwangalia, akawa anawatoa farasi wake polepole, mmoja mmoja, kama anayeaga wageni. Baba peke yake ndiye aliyeendelea kushindwa, kwa sababu aliwaonea huruma farasi aliowachora.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hata mama akaacha kuhesabu siku. Ndipo jioni moja, akikunja nguo, akasema ngoja nimpime. Akauliza kama mwalimu atakavyouliza: kiangazi kilipozidi, mfalme alifanya nini?

Wakili hakufikiri hata kidogo. Akasema mfalme aliwatoa farasi, akapunguza posho, mvua ikanyesha, na mdogo wake akarudi kwao na mafua.

Shati likabaki hewani mikononi mwa mama.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwepo."

Mama akamgeukia Taratibu, aliyefaulu, aliyekuwa na alama nzuri, tegemeo la nyumba, akamwomba amsahihishe dada yake. Taratibu akaukunja uso, akafikiri mpaka kila soksi ikapata mwenzake.

"Lakini ni kweli farasi walitoka," alisema.

Mama akakaa juu ya nguo alizokwisha kunja. Alikuwa amechukua mtoto mmoja mgonjwa na mmoja mzima, na kwa bidii yake yote, kwa boksi na vizibo na sponji ya kiwanda, ameharibu hata aliyekuwa mzima. Alitengeneza mchezo unaompa ushindi mtunza stoo hodari, akasahau kwamba yule mfalme hakuwa hodari, au angalau hakushinda. Mtihani ulikuwa wiki ile ile.

Kesho yake alijaribu kuziba tundu kwa nguvu. Alibandika karatasi kwenye chumba cha mwisho, akaandika kwa kalamu nene kwamba hapa mfalme anashindwa, liwalo na liwe. Walicheza mara moja. Wakili akauita mchezo wa kungoja msiba. Baba alisinzia zamu yake ikiwa inamngoja, na hakuna aliyeona haja ya kumwamsha, kwa kuwa angeshindwa hata akiwa macho.

Jioni iliyofuata mama alikuja na kanuni nyingine. Sasa mshindi si anayeiokoa ngome. Mshindi ni yule atakayemfikisha mfalme pale pale kitabu kilipomfikisha: farasi ndani, maharage yameisha, lango wazi, mvua bado kidogo. Aliona ni mtego mzuri. Mtu anayependa kushinda kama Wakili atajifunza kushindwa ili ashinde.

Wakili alitandika vifungo, akamimina maharage, akaviangalia vizibo, na mkono ukagoma.

Alisema hawezi. Hakuna mtu mwenye akili zake angewaacha farasi wale wanatafuna huku watu wanalala njaa. Mama akamwambia aliwaacha, imeandikwa. Wakili akajibu kwamba basi alikuwa mjinga, na mjinga hana haja ya kusomewa. Mama akamwambia aende akamweleze hivyo mwalimu aone atakavyocheka. Wakili akasema atamweleza. Sauti zikapanda, moja ikiikanyaga nyingine, mpaka baba akazima redio ili asikie vizuri.

Mwishoni mama akachoka kuzunguka. Akamwambia wazi kwamba hapa hazungumzii darasa lake peke yake. Akibaki yeye, na kaka yake anabaki. Ameshaapa kurudisha karatasi ya hesabu ikiwa nyeupe, na yeye Wakili anamjua kaka yake kuliko mtu yeyote.

Wakili hakuwa amesikia habari hii. Alimgeukia pacha wake.

"Umesema hivyo kweli?"

"Nimesema."

"Wewe una wazimu."

"Labda."

Wakili alikuwa anasokota kifungo kimoja kwenye vidole, na macho yake yalikuwa yameanza kung'aa kwa namna ambayo asingependa mtu aitaje. Hapo Taratibu akanyoosha mkono juu ya ubao, bila haraka, akavivuta vizibo vyote vya dada yake mpaka upande wake, akavipanga nyuma ya lango pamoja na vifungo vyake mwenyewe.

"Hawa farasi si wako," alisema. "Ni wangu. Mimi ndio wakubwa wa nchi. Na vijana wangu ndio wanaolinda lango. Haya, watoe."

Wakili akatazama. Akasema mfalme ni yeye na anaamuru farasi watoke. Taratibu akasema amesikia, ila farasi ni mali ya baba zake, na akiguswa hata mmoja atafungua lango leo leo. Wakili akamwahidi mashamba. Taratibu akamuuliza mashamba gani, hayo yanayolimwa na adui? Akamtisha kumfunga. Taratibu akamwomba amtajie askari atakaowatuma, na Wakili alipotazama vifungo vilivyo karibu na lango, vyote vilikuwa vya kaka yake. Akajaribu kumbembeleza kwa kumwita kaka, neno ambalo kwa kawaida hutoka kwake wakati wa kuomba kitu tu. Wapi. Jiwe lingelainika kabla.

Maharage yakaenda. Wakili alipunguza posho ya watu, akaipunguza tena, akaangalia vizibo vikila maradufu kila zamu, wala hakuvigusa. Mama alisimama nyuma yake na sahani iliyolowa mkononi. Hakuthubutu hata kuifuta. Haragwe la mwisho lilitoka karibu kabisa na chumba cha mvua. Wakili akalifungua lango kwa kidole chake mwenyewe, akakaa akiitazama ile ngome ya madirisha mengi.

"Kumbe alijua," alisema polepole.

Mama akamuuliza alijua nini.

"Alijua kwamba farasi wanammaliza. Hakuwa mjinga. Walimbana tu."

Mama akaiweka sahani mezani. Akawaambia ni saa ya kulala.

Siku ya mtihani wa mdomo aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye benchi la kibarazani nje ya darasa, Taratibu pembeni yake. Joto lilikuwa limefungua madirisha yote, na kila neno lilitoka nje kama limetumwa. Mwalimu alianza na maswali mepesi. Wakili akayajibu vizuri, isipokuwa orodha ya wafalme waliofuata, ambayo aliichanganya kama mtu aliyeangusha droo ya vijiko. Mama akasikia kalamu ikiandika. Alijikuta amemshika Taratibu mkono, na Taratibu hakuuvuta.

Mwalimu akafika kwenye ngome. Wakili akaeleza kama kitabu kinavyoeleza, kiangazi, njaa, lango, mvua iliyochelewa. Mwalimu akasema kitabu kinadai kwamba mfalme alikosa busara, je, anakubali?

Mama akafumba macho.

Wakili akasema hakubali. Kisha, kwa sauti isiyo ya kesi, akaeleza kwamba mfalme alikuwa na chakula cha kutosha kama farasi wangetoka, lakini farasi walikuwa wa wakubwa, na wakubwa ndio waliokuwa langoni. Akiwafukuza farasi, anapoteza lango siku hiyo hiyo. Akiwaacha, anapoteza lango baadaye. Akachagua baadaye, akiomba mvua. Mwalimu akamuuliza yeye angefanya nini mahali pake.

"Ningeshindwa vile vile, Mwalimu. Ila ningelalamika zaidi."

Ikasikika sauti ambayo, kwa mtu mwingine, mama angesema ni kicheko. Kalamu ikaandika tena, muda mrefu, na haikujulikana inaandika mema au mabaya. Hatimaye mwalimu akasema lipo swali moja limebaki. Yule mdogo wa mfalme, huko nje, yeye na jeshi lake lote, katika kiangazi kile kile, walikuwa wanakula nini?

Mama, mwenye stashahada yake na fremu yake ya dhahabu, alitafuta jibu akaambulia patupu. Kwenye ubao wake adui alikuwa dadu ya sponji, na sponji haili. Alingoja sasa Wakili aanze kubisha, aseme swali halimo kitabuni, aombe lifutwe.

"Sijui, Mwalimu," Wakili alisema.

Mama hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywa kile. Alidhani hata halimo.

"Hata mimi sina hakika," mwalimu alisema, na kiti chake kikasukumwa nyuma. "Litafute. Jibu utaniletea muhula ujao, huko darasa la juu."

Mama akabaki akilisikiliza lile neno la mwisho. Mkono aliokuwa ameushika ukajichomoa kutoka kwenye wake. Taratibu alikuwa amekaa wima, uso ameukunja, akilipitia jambo kutoka mwanzo mpaka mwisho kama ilivyo kawaida yake.

"Amesema darasa la juu," alisema.

"Amesema."

Akafikiri tena kidogo. Kisha akainama, akaanza kutafuta kitu ndani ya begi lake chini ya benchi, kwa mara ya kwanza akionekana kama mtu aliyechelewa.

"Basi itabidi nisome hesabu," alisema. "Mtihani ni kesho."